Zamu ya Nyumba Yako

Kijijini Tsaphuk,
baada ya maji ya mwisho ya shayiri

Kwa dada yangu mkubwa, Ache Spalzes,

Nakuamkia nikiwa nimeinama, ingawa najua utasema shingo yangu haikuumbwa kuinama. Macho yako yanaendeleaje? Daktari wa Chandigarh ameshakufungua bandeji, au bado anakufunga kama jibini? Joto la huko tambarare linakuacha ulale? Na Diskit, anakupikia chai ya siagi na chumvi, au ameshakuzoesha ile yao ya sukari inayonatisha midomo? Wewe Diskit unayemsomea mama yako, nakusalimu pia. Soma taratibu, usiruke mistari, na usilainishe maneno yangu. Nakujua.

Sisi huku hatujambo. Naanza na lililo kubwa ili moyo wako utulie: Jigmet mwanao yu mzima. Ameshuka mlimani na mikono yake miwili, miguu yake miwili, na uchache wake ule ule wa maneno. Hivi ninavyoandika amelala nyuma yangu kwenye zulia lako la sufu, anakoroma tangu chai ya asubuhi, na paka amemlalia kifuani. Barabara imefunguliwa na malori yanapita tena. Sasa kaa vizuri nikueleze kiangazi kilivyokwenda, maana najua umekuwa ukisikiliza redio ya serikali, na redio ya serikali haijawahi kubeba gunia.

Uliondoka theluji ikiwa bado juu ya mapaa. Tulipoanza kulima, wachungaji walirudi mbio wakisema kuna watu juu ya mlima Shakangri, wamejenga vibanda vya mawe, na si watu wetu. Jeshi la upande wa pili lilikuwa limepanda wakati wa baridi, wakati ambao kwa desturi majeshi yote mawili hushuka na kuuachia mlima theluji yake. Jeshi letu likaupa mlima namba, kana kwamba ni mfungwa, na kwa ajili ya namba hiyo watu wakaanza kufa. Mpaka wenyewe unaujua. Ulichorwa kwa rula mezani na watu ambao hawajawahi kuvuta hewa ya huku, ukayakata malisho katikati kama mtu anayekata blanketi ili wawili walale na baridi.

Kutoka kule juu waliiona barabara yetu kama mtu anavyouona mstari wa kiganja chake. Lori lililothubutu kupita lilipigwa mzinga. Moja lilikuwa la vitunguu; liliungua pale darajani na bonde zima likanukia mchuzi ambao hakuna aliyeula.

Magazeti ya Delhi hutufikia yakiwa yamefungiwa sabuni. Yote yaliandika ushujaa, ushujaa, ushujaa. Ache, ushujaa haupikwi. Nimesoma vita vya mataifa mengi, vya wafalme waliovuka milima na tembo na vya majemadari waliopotelea kwenye theluji, na somo ni lile lile: jeshi hufa kwa tumbo kabla halijafa kwa risasi. Na mlima ni mtoza ushuru mbaya kuliko wote. Helikopta hukosa pumzi kabla ya kufika. Nyumbu walioletwa kutoka tambarare walilala chini mara tu walipofika, povu mdomoni. Ukabaki mgongo wa mtu, na mgongo wa mtu una mdomo: anayebeba unga mpaka kileleni hula sehemu ya unga huo akipanda, na akishuka hula tena. Anayeshinda vita vya namna hii si mwenye mizinga mingi. Ni yule ambaye gunia lake hufika likiwa bado na kitu ndani.

Basi akaja Meja Kulkarni, kijana wa Pune mwenye masharubu yaliyochongwa na kikohozi cha mtu ambaye mapafu yake bado yanaitafuta hewa. Alituita kwenye uwanja wa kupuria, akasema anataka wanaume wote wenye nguvu, wote kwa pamoja, mpaka vita viishe. Akasema nchi inatuita. Ilikuwa siku zile za maji ya kwanza ya shayiri. Nawe unajua, shayiri ikikosa maji ya kwanza, hata ukiiombea na watawa wa bonde zima haiamki. Watu wakatazama viatu vyao. Hakuna aliyetaka kuonekana msaliti, na hakuna aliyetaka kufa njaa wakati wa baridi.

Nikasimama mimi. Nilimwambia meja kwamba anataka kuushinda mlima na kukipoteza kijiji, na kwamba jeshi linalokula mbegu za wenyeji wake halina haja ya adui. Nilimtajia vita vitatu vilivyopotea kwa kosa hilo hilo. Akauliza mimi ni nani. Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma: "Huyo ni mhariri wa gazeti, bwana meja. Hata jua likichomoza, yeye anapinga." Watu wakaangua kicheko. Alikuwa Angchuk, mkuu wetu wa kijiji. Nani mwingine?

Sina haja ya kukukumbusha kwamba mimi na Angchuk hatujapeana neno jema tangu ule mwaka wa ukame alipofungua lango la mfereji akayaelekeza maji shambani kwake, nami nikamwandika ukurasa wa kwanza, "Mwizi wa Maji." Wewe mwenyewe hujakanyaga kwake tangu hapo, na kinachozitenganisha nyumba zenu ni mfereji ambao mbuzi huuruka. Lakini watu walipomaliza kucheka, Angchuk alisimama akasema mhariri ana haki. Nadhani ilimuuma kama kung'olewa jino. Kisha akatoa shauri ambalo mimi, pamoja na vita vyangu vyote vya vitabuni, sikuwa nimeliwaza: tubebe kwa zamu za nyumba, kama tunavyochunga mbuzi.

Kama mbuzi wa kijiji kizima wanavyopelekwa malishoni na nyumba moja leo na nyumba nyingine kesho, wengine wakibaki na mashamba yao, ndivyo mizigo ipande. Nyumba yenye zamu itoe migongo yake yote, ya kiume na ya kike, ipandishe mpaka kwenye mazizi ya mawe ya malisho ya juu. Nyumba inayofuata ichukue pale mpaka kwenye kambi ya kileleni. Zamu hairukwi. Nyumba isiyo na watu hubebewa na ndugu. Meja akauliza nani atasimamia. Tulimtazama kwa huruma. Hakuna aliyewahi kusimamia mbuzi.

Na ilifanya kazi, Ache! Shayiri ilipata maji, mazizi yakawa maghala, na magunia yalipanda kila mawingu yaliposhuka kutuficha. Dolkar, wifi yako, na miguu yake ile iliyovimba, alibeba mapipa ya mafuta ya taa na bado akapata pumzi ya kumwambia askari mmoja wa tambarare kwamba anatembea kama bata aliyevaa viatu vya harusi. Nilivimba kichwa. Nilimwambia meja aandike kwa majenerali wake kwamba chuo chao cha vita kifungwe, wote waje kujifunza kuchunga.

Hapo ndipo kichwa kilichovimba kilipotobolewa.

Kambi ya juu, ile iliyo chini kidogo ya kilele, ndiyo aliyokuwamo Jigmet. Ofisa wao alipigwa kigae cha kombora pajani akateremshwa kwa machela. Waliobaki walikuwa vijana wa mabonde yetu watupu, na mkubwa wao akawa mwanao. Meja alihofia kwamba adui anasikiliza Kihindi chetu kwenye redio, akataka mtu mzima wa kijiji aongee nao kwa lugha yetu. Kweli, ng'ambo nako kuna binamu zetu wanaoielewa nusu, lakini nusu ni afadhali kuliko yote. Redio iliwekwa kwenye ghala la Angchuk, kwa kuwa kuta zake ni nene kuliko zote. Nilijitolea. Nani mwingine ana sauti kama yangu?

Basi kila asubuhi namwita Jigmet, namuuliza kama wana chakula. Ananijibu, "Kipo, mjomba. Msijisumbue." Namuuliza mafuta. "Yapo, mjomba. Mmefanya mengi mno." Namgeukia meja, namwambia wanacho. Meja anafurahi, kwa sababu alikuwa anajiandaa kuwatuma wakavamie kilele, na mgongo usiobeba unga unaweza kubeba risasi. Zikapanda risasi. Kesho yake risasi. Na tena risasi. Nami nikimtambia kwamba vijana wetu hawana tamaa ya tumbo, si kama wake wanaolilia wali asubuhi, mchana na jioni.

Najua wewe umeshaelewa. Umeelewa kabla Diskit hajamaliza sentensi, na sasa umejishika kichwa. Mimi sikuelewa. Nimeishi Delhi miaka mingi, kati ya watu ambao wakiwa na njaa husema wana njaa. Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu mtoto aliyelelewa vizuri akikaribishwa chakula husema hapana, akakaribishwa tena akasema hapana, na mara ya tatu tu, mwenyeji akiwa karibu kukasirika, ndipo husogeza kikombe. Na mimi nilikuwa nikimuuliza mpwa wangu mara moja, kama karani wa dukani.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifumania mwenyewe. Asubuhi moja nilitoka ghalani koo limekauka kwa kupiga kelele, nikaketi jikoni kwa Angchuk. Binti yake Chuskit akaja na birika la chai. Alipoliinamisha, kiganja changu kikaenda chenyewe juu ya kikombe, na mdomo wangu ukasema, "Imetosha, mwanangu, nimetoka kunywa sasa hivi." Sikuwa nimekunywa hata tone tangu kuamka. Akanisihi. Nikakataa tena, hata nikacheka. Akavibandua vidole vyangu kimoja kimoja, akamimina. Nami nikabaki nautazama mkono wangu mwenyewe, muongo kama mwanasiasa, uliokuwa umefunika kikombe huku koo likiwaka moto.

Chai nilijimwagia magotini. Nikakimbia.

Nilimwita Jigmet redioni, safari hii kama binadamu. Nilimwambia ale. Akasema wameshiba. Nilimwambia anaidharau nyumba ya mama yake. Akasema wana akiba, tusihangaike, akauliza habari za shayiri. Mara ya tatu nilimtukana: nilimuuliza kama amekuwa jenerali mkubwa kiasi kwamba unga wa kijiji haumshuki tena kooni. Redio ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma. Kisha sauti yake ikaja ndogo, kama ya siku ile alipoiba matunda yako ya mishmishi yaliyokaushwa akavimba tumbo: "Mjomba, kama kuna unga… hata kidogo. Tumebaki na risasi tu."

Walikuwa wanalamba makopo. Walikuwa wanayeyusha theluji kwa mshumaa na kuinywa wakiiita supu. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakusema. Akanijibu, bila kunilaumu hata kidogo, kwamba gunia la mwisho lilipofika mazizini aliliona kwa darubini, na aliyelibeba alikuwa shangazi Dolkar, anachechemea. "Ningesemaje leteni jingine, mjomba?"

Hilo, Ache, halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma, na nimesoma hadi macho yakaomba talaka. Askari anayelishwa na serikali hudai. Chakula kikichelewa, hutukana. Lakini askari anayelishwa na mgongo wa shangazi yake atasema ameshiba mpaka aanguke. Ile njia yetu ya mizigo, niliyoitukuza kuliko vyuo vyote vya vita, ilikuwa na ugonjwa wake ndani, nao ni upendo na adabu.

Nilimweleza meja. Alivua kofia. Akauliza, kwa upole wa mtu anayeogopa jibu, kama kwetu hapana huwa hapana wakati wowote. Angchuk akamjibu, "Ya kwanza ni malezi, bwana meja. Ya pili ni malezi. Ya tatu ndiyo uandike." Meja akaenda mwenyewe kwenye redio, akaanza kuziuliza kambi zake zote upya, mara tatu tatu, mpaka askari wa Pune wakadhani mkuu wao amepatwa na ugonjwa wa milima.

Lakini amri ya kuvamia kilele ilikuwa imeshatoka kwa wakubwa wake, iwe alfajiri ya kesho, na haikuahirishika kwa sababu vikosi vingine vilikuwa vinapanda kwa upande mwingine. Vijana wasiokula wangepanda jabali. Kama unga usingewafikia siku ile, ningekuwa nimemuua mwanao kwa swali moja lililoulizwa vibaya. Nikauliza zamu ya leo ni ya nyumba gani. Watu wakanitazama.

Ilikuwa zamu ya nyumba yako.

Nyumba yako haikuwa na mtu. Wewe na Diskit mko Chandigarh, Jigmet yuko juu anangoja, na ndugu wa karibu ni mimi na tumbo hili la mtu anayeandika akiwa ameketi. Wapo waliotaka kunibebea. Nilikataa mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu, na ya tatu nilimaanisha. Nikajitwika. Angchuk alinizunguka kama mtu anayekagua punda mnadani, akasema leo mlima utapokea unga pamoja na mchukuzi. Halafu, bila kueleza lolote, akajitwika gunia la pili. Nilimuuliza anataka nini. Akasema nyumba isiyo na watu huazima kwa jirani, na zaidi ya hapo hataki maiti ya mhariri ilale juu ya chemchemi ya kijiji, maji yatakuwa machungu.

Wingu lilikuwa limeushika mlima kiunoni. Ndani ya wingu hilo tuligombana kuhusu yale maji ya mwaka wa ukame, kuanzia kwenye miti ya mipopla mpaka kwenye mazizi. Alisema zamu ilikuwa yake na jiwe la kivuli, lile tunalopimia saa za maji, lilionyesha hivyo. Nilisema jiwe la kivuli halionyeshi kitu siku ya mawingu. Hatukupatana, ila pumzi zilituishia kabla ya hoja. Kupita mazizi hakuna njia, ni mawe na kamba, na makombora yalikuwa yanapita juu yetu kwa sauti ya mtu anayepasua kitambaa kipya. Kuna mahali niliketi, nikaamua kufa. Nilimwambia Angchuk achukue gunia langu. Akanijibu, "Kufa wakati wa kushuka, mgongo ukiwa mtupu. Unga huo si wako." Sijawahi kusikia hoja isiyojibika kama hiyo. Nikasimama.

Tuliwakuta kwenye mashimo ya mawe, midomo imepasuka, nyuso nyeusi kama masufuria. Na walipotuona walisimama, Ache. Wakatupisha mahali pazuri pa kukaa, palipokingwa na upepo, wakatuuliza habari za safari. Tukafungua magunia: unga, siagi, mishmishi kavu. Wakasema asanteni, wameshiba. Angchuk alinguruma mpaka nikaogopa adui atasikia. Akawashika mmoja mmoja, akawatia unga viganjani. Wakaukanda kwa maji ya theluji na kuula, na Angchuk akageuka akaanza kukaza kamba ya gunia lake, gunia tupu, kamba isiyohitaji kukazwa.

Nilimvuta Jigmet kando nikamuuliza anahitaji nini kingine. Akasema hana haja. Nikauliza tena. Hana haja. Mara ya tatu nilikuwa nafikiria soksi. Akatazama, si mimi, bali yule mtu mwenye siagi mikononi aliyekuwa nyuma yangu, akasema kwamba akishuka salama anaomba nimpelekee pombe ya posa nyumbani kwa Baba Angchuk, kwa ajili ya Chuskit.

Vijana wakaacha kutafuna. Angchuk akafuta mikono yake kwenye joho, kidole kwa kidole. Akasema haozi binti kwa mtu aliye juu ya jabali. Kwanza apande, kisha ashuke, ndipo watu wazima wazungumze. Halafu akavua glavu zake za manyoya akamvalisha, akizivuta mpaka kwenye kifundo kama mtu anayemvalisha mtoto.

Vita vyenyewe sitakusimulia. Sikuviona, na ninawachukia wanaosimulia wasichokiona. Tulivisikia. Kilele kilichukuliwa. Mwana wa mwashi wa kijiji cha chini hakushuka, na wawili wengine wa bonde lile hawakushuka. Tumewawashia taa za siagi kila nyumba, na nimeapa kwamba gazeti langu halitawageuza kuwa shairi. Jigmet anasema waliokufa wa upande ule mwingine walikutwa na makombo ya mkate mkavu mifukoni, na hakuna zaidi. Njia yao ya mizigo ilikuwa imekatika muda mrefu. Vijana wetu waliwafunika kwa mawe, na mmoja wetu aliye Mwislamu akawasomea dua. Nao walikuwa na shangazi zao mahali fulani.

Sasa, Diskit, mshike mama yako mkono.

Ache-le, nimepeleka pombe. Sikukungoja. Neno hilo ni la mama, nami mdogo wako nimelichukua kama mtu anayechukua kikombe kwenye rafu yako. Na si hilo tu. Tulipokuwa tunashuka kutoka kambini, kabla ya alfajiri ile kufika, Angchuk aliniambia sharti lake. Hana mtoto wa kiume. Ana Chuskit, nyumba, na mashamba. Anayemuoa Chuskit ataingia kwao, awe magpa, mume wa kuhamia. Atalima mashamba ya Angchuk, ataketi kwenye jiko la Angchuk, na watoto wake wataitwa kwa jina la nyumba ya Angchuk. Mwanao wa pekee. Nami nilisema ndiyo, kwa jina lako. Nilisema hivyo kwa sababu saa ile sikujua kama mtoto atabaki na nyumba yoyote zaidi ya mawe.

Ungeweza kunisamehe kwa hilo. Lakini ungamo langu ni hili: aliposhuka mzima, ningeweza kurudi kwa Angchuk na kubishana upya. Nimebishana na mawaziri. Ningelipunguza sharti, ningeomba mwaka, ningeomba angoje wewe urudi. Sikufanya. Nilimuona Jigmet amesimama pale uani na glavu za mzee yule bado mikononi, katikati ya kiangazi, hataki kuzivua. Na Chuskit ng'ambo ya mfereji anajidai anaanika vyombo vilivyokwisha kukauka. Mimi, Ache, niliyepinga kila kitu maisha yangu yote, sikuwa na cha kupinga. Nilipaka siagi kwenye mdomo wa mtungi, nikavuka kile kibao cha kuvukia mfereji, nikauweka mbele ya Mwizi wa Maji. Akanywa, akafuta masharubu, akauliza kama pombe ya kwetu siku zote huwa chachu hivi.

Kasirika. Unayo haki, na nimejiandaa. Nami sikukuibia mikono ya mwanao bila kuleta mingine badala yake. Gazeti nimewaachia wale vijana wawili wa Leh walionipinga miaka yote. Wataliharibu, na hiyo ni haki yao. Mimi nimehamia chumba cha juu, hapa kwako. Maji ya mwisho ya shayiri nimeyaingiza mwenyewe. Upande mmoja yalinikimbia yakalaza mimea, na Dolkar alikuja kutazama akaketi chini kwa kucheka. Lakini shayiri ipo, imeanza kuwa ya dhahabu, na mavuno hayako mbali. Arusi haitafanyika bila wewe. Angchuk mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, kabla yangu.

Najua utakaporudi utapanda juu ya paa utazame ng'ambo, na moyo utakuuma. Basi mwite, kwa sauti yako ile ya kuita mbuzi. Atasikia. Atauruka mfereji na kuja, na unga wa nyumba ya watu bado mdomoni. Kijiji cha chini, kwa mwashi, kuna mama anayepanda juu ya paa lake kila jioni na kuita, na majirani wamekosa namna ya kumwambia ashuke.

Wasalimie daktari na jirani zako wa huko. Dolkar anakuamkia na anasema usinunue sufuria za Chandigarh, ni nyepesi. Chuskit anakuamkia, ameniomba nisiseme, nami nimesema. Jigmet ameamka sasa hivi, anauliza naandika nini kirefu hivyo; nimemwambia namwandikia mama yake, akaomba nikuambie yeye ni mzima na hahitaji kitu. Muulize tena ukifika.

Uje salama, uje ukiona vizuri.

Mdogo wako akupendaye,
Morup